Mimi, Ruta na Usaili wa Mke Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku njema, kisha siku mbaya. Naanza na njema.

Mke wangu ameitwa kwenye usaili! Kazi ya mkuu wa wodi ya wazazi, hospitali kubwa, ile yenye lifti. Amekuwa mkunga wa zamu za usiku tangu tuoane. Ndoa yetu imeishi mlangoni: yeye anaingia, mimi natoka. Usaili ni Ijumaa asubuhi, kwa video. Akasema atamwomba rafiki yake wa mjini chumba, awe na uhakika. Nikasimama. Nikapiga kifua. Nikasema mke wangu hatasailiwa kwenye nyumba za watu wakati mume wake ana ruta ya mtandao.

Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwa anamenya viazi. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema asilimia mia.

Kabla viazi havijaiva, taa ya ruta ikawa nyekundu.

Nieleze kidogo jinsi tulivyo. Nyumba yetu iko bondeni, nyuma ya bohari la saruji. Simu za mkononi humu ndani ni mapambo. Ukitaka kupiga lazima uende bafuni, upande juu ya ndoo iliyopinduliwa, utoe kichwa dirishani. Mtandao wa simu ndiyo usiseme. Kwa hiyo bila ruta hatuna kitu.

Nikapanda ndoo, nikapiga huduma kwa wateja. Muziki wa filimbi. Sauti ikaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao. Filimbi tena. Nilikuwa muhimu mpaka shingo ikakakamaa. Mwishowe akapokea msichana mwenye sauti laini kama anauza manukato. Akaniomba nizime ruta, nisubiri kidogo, niiwashe. Nishuke kwenye ndoo? Nipoteze nafasi yangu? Nikapiga ulimi: tk! Nikasubiri. Tk! Akauliza kama taa sasa ni ya kijani. Sikutaka kumvunja moyo. Nikasema naona dalili nzuri. Akafurahi. Nikafurahi. Tukaagana kama ndugu.

Ujumbe ukaingia papo hapo: Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa.

Halijatatuliwa! Waongo wakubwa!

Jirani yetu ni daktari wa meno. Kimoyomoyo namwita Meno. Kampuni ile ile, ruta ile ile. Kwake inawaka. Jioni alikuwa barazani anacheka na kompyuta yake, meno yote nje. Akanipungia mkono. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Nimeichomoa ruta na kuifungia kabatini. Itafakari ilichokifanya.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Kazini, duka la magodoro. Asubuhi yote nimepotezewa na mteja mmoja mgumu, mtu wa suti, tumbo la heshima, mkono kiunoni. Eti godoro alilonunua kwetu limebonyea katikati kama bakuli. Nikamwambia, kwa upole tuliofundishwa, aligeuze, alipe muda, litamzoea. Akasema ameshaligeuza. Nikamshauri aligeuze tena, upande mwingine. Akauliza upande gani mwingine wakati godoro lina pande mbili. Nikatabasamu, nikamwambia yeye ni muhimu sana kwetu. Akaondoka amepinda. Watu siku hizi hawana subira.

Nikarudi nyumbani na mpango. Kosa la jana lilikuwa kupiga simu kama mteja. Nani anamjali mteja? Leo nimepiga kama Mhandisi.

Nikaitoa ruta kabatini, nikaichomeka, nikakimbilia ndooni bila kungoja kuona itatoa taa gani. Sauti niliitoa tumboni. Akapokea kijana. Nikamwambia anazungumza na mhandisi, tena wa mambo haya haya. Akachangamka! Akaniuliza ishara ndani ya waya inasoma hasi ngapi. Nikasema hasi kabisa.  Kisha kwa adabu akasema basi mhandisi anakijua kile kitundu kidogo nyuma ya ruta, na anajua pia kwamba hakibonyezwi hata kidogo, maana kinafuta kila kitu, na kukirudisha ni mpaka aje fundi wao. Nikasema hayo niliyajua nikiwa nanyonya. Nikakata simu.

Katika maneno yote hayo nilibaki na moja tu: kuna kitundu!

Nikachukua pini ya nywele ya mke wangu. Nikabonyeza. Taa zote zikazimika. Kisha zikawaka zote kwa pamoja kama ukumbi wa harusi. Mama mkwe akapiga makofi. Halafu zikazimika moja moja, ikabaki nyekundu. Na jina la mtandao wetu, lililokuwa Familia Yenye Furaha, limegeuka mstari wa herufi na tarakimu, kana kwamba kuku amepita juu ya vitufe.

Mama mkwe akauliza sasa tamthilia yake itakuwaje. Aliiacha pale bibi harusi anaulizwa kama amekubali. Nikamwambia avumilie. Akasema yeye anavumilia, tatizo ni bibi harusi, amesimama tangu jana.

Mke wangu alipoamka kujiandaa kwenda zamu nikamwambia ruta imefika hatua ya pili. Hakuuliza ni ya pili kati ya ngapi. Nashukuru.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Mdomo wangu upande wa kushoto haupo. Naandika hivyo hivyo.

Mpango ulikuwa safi. Mtandao wa Meno unafika mpaka kwenye ukuta wa sebule yetu. Unaitwa Karibuni Wote. Ukitaka kukaribia unadaiwa neno la siri. Unafiki mtupu! Ningeweza kumwomba, ndiyo. Lakini nimwombe Meno? Mimi?

Kliniki yake iko chumba cha mbele cha nyumba yake. Mgonjwa anayesubiri hupewa mtandao, kila mtu anajua. Basi nikawa mgonjwa. Nikashika shavu, nikaingia nikiguna. Nilipanga kukaa kwenye kiti cha kungojea, kusoma neno la siri ukutani, kupona ghafla, kuondoka.

Ukutani kulikuwa na tangazo kubwa lenye fremu: Neno la siri la mtandao, muulize mhudumu. Nikageuka kumtafuta mhudumu. Akatokea Meno mwenyewe. Akasema jirani hasubirishwi hata kidogo. Akanishika mkono. Nikajikuta nimelala kwenye kile kiti, taa usoni, mdomo wazi, na siwezi kusema kwamba nilikuwa natania.

Akachungulia. Akapiga mluzi. Akasema nimefanya vizuri mno kuja leo, kwa sababu gego la nyuma limeoza mpaka chini, na anashangaa nimewezaje kulala. Nimelala vizuri miaka yote! Sindano. Kisha vitu ambavyo sitaviandika.

Nilipoinuka sikuwa na gego wala nusu ya uso, lakini lengo sikulisahau. Nikaenda kwa mhudumu. Nikamwomba neno la siri. Kilichotoka ni “meno ra firi”. Akanipa pamba. Nikarudia kwa nguvu. Akanipa kikombe nisukutue. Mara ya tatu nikaonyesha simu kwa kidole. Akaichukua, akapiga nambari ya mke wangu (simu yake huiacha dirishani bafuni), akamwambia aje anichukue, mume wake anaweweseka.

Mke wangu katolewa kitandani. Alikuja na khanga begani, macho mekundu. Hakunigombeza. Alinikalisha ngazini, akarudi ndani kumshukuru Meno, wakazungumza muda mrefu wakitingisha vichwa. Kuhusu gego langu, bila shaka.

Usiku mwema, ulimwengu. Ingawa ni saa kumi na moja tu jioni.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Imetosha! Nimekwenda ofisini kwao. Ana kwa ana. Mwanamume na ruta yake.

Niliifunga kwenye taulo la kuogea isije ikagongwa. Kwenye basi mama mmoja akanipisha kiti, akafunua taulo kidogo kumwona mtoto. Akalifunika taulo upesi. Akahamia kiti cha nyuma.

Ofisi yao ni ya vioo, baridi, na picha kubwa za familia zinazocheka mbele ya kompyuta. Ndani kumejaa watu wasiocheka. Nikamuuliza mlinzi kwa nini foleni haisogei. Akasema mtandao umekatika.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mtandao wao. Hapo hapo. Umekatika.

Damu ikanipanda. Nikapanda juu ya kiti, nikainua ruta juu kama kikombe cha ubingwa, nikahutubia. Nilisema kuna mkunga ambaye kesho asubuhi anasubiriwa na hospitali nzima. Nilisema ametoa watoto gizani miaka yote, na sasa yeye mwenyewe anawekwa gizani. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akalia. Nilikuwa vizuri sana, na upande wangu wa kushoto ulikuwa umerudi kwa kiasi kikubwa. Nikamalizia kwa kumtaka meneja atoke, kama ana uti wa mgongo!

Mlango ukafunguliwa. Meneja akatoka. Suti. Tumbo la heshima. Mkono kiunoni.

Alikuwa yule wa godoro.

 Nikashuka kitini. Akanikaribisha kwa upole wa kutisha. Akauliza tatizo ni nini. Nikasema ruta haifanyi kazi.

“Umejaribu kuigeuza?” akauliza.

Nikasema ruta haigeuzwi.

“Igeuze. Ipe muda. Itakuzoea.”

Hapo nikaona sina ujanja. Nikamwahidi godoro jipya, la juu kabisa, nitalibeba mwenyewe kichwani mpaka chumbani kwake. Akafikiri. Akasema basi, fundi atakuja kesho, kati ya asubuhi na jioni. Nikasema usaili ni saa nne. Akasema saa nne iko kati ya asubuhi na jioni.

Nimemwambia mke wangu fundi anakuja na kila kitu kiko sawa. Alikuwa anapiga pasi koti lake la bluu. Akasema sawa, baba. Kwa upole kabisa, bila kuinua macho. Anaponiamini namna hii natamani kulia. Ameomba ruhusa ya zamu ya leo, amelala mapema. Nimemsikia akijijibu maswali peke yake chumbani. Anaitaka sana kazi hii.

Fundi lazima aje.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nina mikwaruzo mikono yote miwili. Lakini niende kwa utaratibu.

Asubuhi, hakuna fundi. Nikachungulia dirishani. Hakuna. Nikaenda mpaka kona ya barabara. Na pale, mbele ya duka la mikate, gari la kampuni! Fundi ameegemeza ngazi kwenye geti la mtu, ndiyo kwanza anabisha hodi. Nikamkimbilia. Nikamwambia natoka ofisini, kuna mabadiliko ya dharura, anifuate. Alitazama kandambili zangu, lakini akanifuata. Njiani akaniuliza nyumba gani. Nikamwambia. Akasema nyumba hiyo alikuwa amepangiwa mchana. Nikasema ndiyo mabadiliko yenyewe.

Tukaingia ndani. Mama mkwe anachambua mchele. Mlango wa chumbani umefungwa. Nikauambia mlango fundi amepatikana, mke wangu asitie shaka, ni dakika chache tu. Mlango haukujibu. Nikaelewa. Ana wasiwasi, anajipanga.

Jasho likanitoka, nikavua shati ili nimsaidie fundi kwa nguvu zote. Akasema nimsaidie kwa kukaa. Akaikagua ruta. Akapiga simu kutoka bafuni, juu ya ndoo. Akarudi akikuna kichwa. Akaeleza kwamba Jumatatu waya wa upande wetu ulilegea nguzoni, na mwenzake aliukaza jioni ile ile. Tangu hapo mtandao ulikuwa unafika nyumbani kwetu bila shida. Kilichotuua ni mtu kubonyeza kitundu. Akauliza nani alibonyeza.

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akanitazama mimi. Fundi naye akanitazama mimi.

Nikasema pengine panya.

Akaingiza anayoyajua yeye. Taa ikapepesa. Ikasita. Ikawa ya kijani! Nikaruka. Nikambusu fundi kwenye kofia. Nikausukuma mlango wa chumbani kwa furaha: Mke wangu!

Kitanda kimetandikwa. Koti la bluu halipo. Mke hayupo.

Mama mkwe, bila kuacha mchele, akasema mwanawe ameshakwenda kwa daktari, wamepatana tangu Jumatano, na usaili umeshaanza, kwa hiyo nikae nitulie ninywe chai.

Nikae? Mke wangu anateseka ugenini, na hapa taa ni ya kijani? Nikatoka mbio. Geti la Meno lilikuwa limefungwa. Nikapita juu ya ua wa miiba. Nikapita kliniki, nikapita mhudumu (akaniona, akashika pamba), nikasukuma mlango wa chumba cha ndani.

“Imewaka!” nikapiga kelele. “Mke wangu, imewaka! Twende nyumbani!”

Mke wangu amekaa wima mbele ya kompyuta. Kwenye kioo kuna watu watatu. Wote wananitazama. Nimevaa fulana ya ndani. Nina jani kichwani.



Mama mmoja mwenye miwani, wa katikati, akauliza: “Na huyo ni nani?”

Mke wangu hakugeuza hata shingo. “Ni mgonjwa wa daktari,” akasema. “Mniwie radhi kidogo tu.”

Akasimama. Akanishika kiwiko, ule mshiko wake wa akina baba wanaozimia wodini. Akanitoa, akanikalisha ukumbini, akanikandamiza kichwa kati ya magoti, akaniwekea kikombe cha maji mkononi, akaniambia nipumue. Nikapumua. Akarudi ndani, akafunga mlango. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya utulivu kabisa: “Tulikuwa tunazungumzia dharura.”

Ndani wakaangua kicheko. Wote. Hata yeye.

Meno akaja akakaa karibu nami.  Baadaye kidogo akauliza kama pengo la gego linauma. Nikasema haliumi. Akasema vizuri. Tukakaa pale, wanaume wawili, tunasikiliza mlango.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

AMEPATA!

Mama mwenye miwani alipiga mwenyewe. Mke wangu alipokea juu ya ndoo, mimi na mama mkwe tumebanana mlangoni mwa bafu. Akasema ndiyo. Akasema asante. Akasema ndiyo tena. Akashuka, akakaa sakafuni, akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake. Mama mkwe akamfuta kwa ncha ya khanga, kama mtoto mdogo.

Wamemwambia walikuwa wamemuuliza angefanya nini mtu akivamia wodi ghafla, na kabla hajamaliza kujibu, mtu akavamia. Hawajawahi kuona utulivu kama ule. Ndipo walipokata shauri, hapo hapo.

Sasa najiuliza, tena kwa unyenyekevu: aliyevamia ni nani? Kama ningekaa nikanywa chai, wangemjuaje? Sijalisema hili kwa sauti. Nilianza kulisema, mama mkwe akanipa kitunguu nimenye.

Na jambo jingine. Hakuna tena zamu za usiku. Jioni atakuwa nyumbani. Tutakula meza moja, sahani za moto, kama watu. Nilipolifikiri hilo macho yalinichoma. Kitunguu.

Mtandao unakimbia kama maji. Mama mkwe amemaliza tamthilia yake: bibi harusi alikataa, akaondoka na mpiga picha. Mke wangu ananiomba jambo moja tu, nisiiguse ruta. Nikasema mpenzi, niiguse kwa nini?

Nimempelekea Meno keki. Ndogo.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Siiamini bahati yangu!

Mke na mama mkwe walikuwa wamekwenda kununua viatu vya kazini. Akabisha hodi dada mmoja, fulana ya njano, kutoka kampuni nyingine ya mtandao. Nikamwambia sihitaji. Akasema ruta yao haikatiki. Nikamuuliza, kamwe? Akasema kamwe. Akanionyesha picha yake. Nikaikagua kwa makini, si mtu wa kudanganywa mimi. Haina taa nyekundu kabisa! Ina bluu tu! Yaani hata ikitaka kuharibika haina pa kuonyeshea!

Nikatia sahihi.

Nikapanda ndoo, nikawapigia wale wa zamani kuwaambia kwaheri. Mara hii hakuna filimbi. Walipokea kabla sijavuta pumzi. Hawakuuliza swali hata moja. Nikiwa bado nasikiliza, mama mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akaita kutoka sebuleni kwamba taa za ruta zimezimika. Kwa kweli, huduma ya haraka kiasi hicho sijapata kuiona. Karibu nighairi.

Nikampigia dada wa njano kumwambia waje wafunge. Akasema bila shaka, wiki ijayo, au ile inayofuata.

Mke wangu anaanza mafunzo ya kazi kesho saa mbili asubuhi. Kwa video. Ameshapanga meza sebuleni, ameweka ua kwenye chupa. Namsikia anaimba huku anapiga pasi lile koti. Bado sijamwambia, kwa nini nimharibie wimbo? Hata hivyo sina wasiwasi hata kidogo. Kuna waya unapita juu ya paa letu kwenda kwa Meno. Mnene, mweusi, umejaa mtandao. Ukikatwa pole pole katikati, nusu itatutosha.

Meno mwenyewe ameniazima ngazi. Hakuuliza hata ya nini. Mtu mwema sana yule.